Mkikuta Bwawa Linang'aa

Ninyi mnaopokea makasia yetu mmeniomba niandike ninayoyajua kuhusu mabwawa ya kijani. Nimeanza mara kadhaa nikaacha. Shule niliishia darasa la saba, na mengi ninayoyajua yako mikononi, kalamu inayakosea. Tena sina hakika kama yote niliyaelewa sawasawa. Nitaandika kama ninavyoandikaga jioni nyumbani: jambo lenyewe, aliyelisema, na pale ambapo mimi mwenyewe nina shaka. Mtu akiwaambia vinginevyo, msikilizeni na yeye.

Kwanza sahani. Chukueni sahani ya bati nyeupe, itoboeni pembeni, ifungeni kamba na jiwe la kuizamisha. Ishusheni taratibu bwawani jua likiwa juu. Ikipotea machoni mara tu inapogusa maji, maji ni mazito, mwanga haupiti, na kijani chenu kitakufa kwa kukosa jua. Inatakiwa ishuke kidogo, kama urefu wa kiganja, ndipo ipotee. Lakini mkiiona mpaka inalala chini kabisa, na maji yanang'aa hadi mnaona mawingu ndani yake, hapo mgeni atawapongeza, na ninyi ndipo mnatakiwa kushtuka. Hilo la mwisho ndilo limenifanya niandike.

Sahani tulifundishwa na Elia. Alikuwa kijana wa chuo, mtaalamu wa maji, aliletwa shambani na bosi wetu Masalu. Siku ya kwanza alipoomba sahani jikoni, mpishi akampakulia wali. Akala kwanza, akaiosha, ndipo akaitoboa. Nilimpenda kuanzia hapo, kwa hiyo nikimsifu sana mpunguze kidogo.

Shamba mnalijua, liko upande wa Sapiwi, pale ardhi inapoinamia mtoni. Bosi ananunua ng'ombe waliokonda, anawanenepesha kwa mashudu na maganda ya pamba, kisha anauza. Kazi yangu ilikuwa kuosha mabanda. Enzi hizo kazi yote ilikuwa koleo, fagio gumu na mpira wa maji. Tulisukuma kila kitu kwenye mfereji, mfereji ukapeleka korongoni, korongo likapeleka mtoni. Sisemi tulikuwa watu wabaya. Ng'ombe walikuwa wachache na mvua ilikuwa inabeba. Kila mwenye zizi alifanya vile vile.

Ng'ombe walipoongezeka, mvua haikuweza tena. Mto wetu, kama mjuavyo, kiangazi ni mchanga mtupu, na watu wanachimba visima humo humo mchangani. Kisima cha mzee Luhende kiko chini ya korongo letu. Asubuhi moja alikuja getini na kidumu, hata salamu ya asubuhi aliitoa kwa haraka, akiniita kwa jina la baba yangu.

"Mwangaluka, ng'wana Sayi."

"Mwangaluka, mzee."

Akanisogezea kidumu puani. "Hii ni nini?"

"Maji, mzee."

"Ya wapi?"

"Si ya kisimani kwako?"

"Yaya, hapana! Ya kisimani kwangu nayajua. Haya yamepita tumboni mwa ng'ombe wa bosi wako kabla hayajafika kwangu."

Nilinusa, na hakuwa amezidisha. Alilipeleka jambo kwenye mkutano wa kijiji, na mkutano ukasema hivi: maji ya shamba yatengenezwe, au mfereji ufukiwe. Ukifukiwa mfereji, mabanda hayaoshwi. Mabanda yasipooshwa ng'ombe hawakai, na sisi tuliokuwa tukiwaosha hatuna kazi. Upande wa pili, mfereji ukibaki kama ulivyo, Luhende na majirani zake hawana pa kunyweshea. Nilijaribu kuona nani ana haki zaidi, nikashindwa. Bado sijaweza.

Ndipo Elia akaja na mabwawa. La kwanza refu kwenda chini, la kutuamisha kinyesi. La pili pana na la kina kifupi, maji hayapiti goti, hilo ndilo la kijani. La tatu la kutulia, kisha maji yanapita kwenye matete na mchanga kabla ya kutoka. Alitueleza kwamba kile kijani ni mwani mdogo mno, mmoja mmoja hauonekani kwa macho, unakula uchafu ulioyeyuka majini kama mahindi yanavyokula samadi, na mchana unayapa maji hewa. Sisi tuliuita kijani tu, na Elia naye mwishowe akauita kijani.

Luhende alikuja kutazama. Alisimama ukingoni mikono nyuma.

"Kwa hiyo mnatibu uchafu kwa uchafu wa rangi nyingine."

"Mzee, huu siyo uchafu, ni mmea," Elia akasema.

"Unavunwa lini?"

"Tunauengua kila baada ya muda, tunaacha mbegu."

"Unapikwa na karanga?"

Watu wakacheka. Elia pia alicheka, lakini masikio yalikuwa mekundu kidogo, ni mweupe wa rangi. Kwa upande wa Luhende niseme hivi: ukiyaona yale maji kwa mara ya kwanza, mazito kama mchuzi wa mlenda, nawe ungesema alichosema.

Yako mambo mawili tulijifunza kwa kuumia, myachukue bure. La kwanza ni mashudu. Kuna wakati bosi alipata mashudu mengi akawalisha ng'ombe bila kiasi. Kilichotoka kilikuwa cheusi kama chai ya rangi iliyochemka kutwa. Bwawa la kijani likageuka kahawia, likaanza kunuka. Mimi nilidhani kijani kimeshiba. Elia akashusha sahani, ikapotea papo hapo. "Hakijashiba," akasema, "kiko gizani." Dawa yake ni kuyashikilia maji bwawa la kwanza yatuame zaidi, kisha kuyaachia kidogo kidogo, na kukoroga mchana ili kila tone lipate zamu ya jua. Siku hizi gurudumu la sola linakoroga. Sisi tulikoroga kwa makasia, tukitembea ukingoni kwenda na kurudi, na mgongo wangu unakumbuka. Lakini sitasema ya kwetu ilikuwa bora. Gurudumu linakoroga vizuri zaidi na haliendi kunywa uji.

La pili ni wadudu. Asubuhi nyingine tulikuta maji yamekuwa meupe ghafla, sahani inaonekana mpaka chini. Mimi nikafurahi, nikamwita Elia kwa sauti. Alikuja mbio, akachota kwenye chupa akaiinua kwenye jua. Ndani kulikuwa na vidudu vidogo kama chawa, vinarukaruka. Vilikuwa vimekula kijani chote. "Mayu Milembe," akaniambia, maana mayu kwetu ni mama, "ukiyaona maji haya yamekuwa masafi bila sisi kufanya kitu, ujue mfanyakazi wetu amekufa." Nililishika hilo neno.

Sasa nije kwenye ile siku.

Mkutano ulipanga kuja kuangalia maji yanayotoka, ndipo uamue kuhusu mfereji. Elia alipeleka chupa za maji maabara. Luhende akasema, "Karatasi msomeeni bosi. Mimi nitamleta ng'ombe." Alikuwa na jike mzee mwenye pembe moja imeinamia jicho. Kijiji kizima kilijua yule ng'ombe hagusi maji yenye harufu hata kama wenzake wanakunywa. Elia alipinga. Alisema ng'ombe anaweza kunusa baadhi ya vitu tu, kuna vingine havina harufu na vinadhuru. Hapo alikuwa na haki. Luhende akamjibu kwamba karatasi haijawahi kushuka kisimani na kiu, na yeye pia sikuona pa kumkatalia. Wakakubaliana yafanyike yote mawili.

Wiki hiyo mimi nilikuwa Malampaka, kwenye msiba wa shangazi yangu. Nilirudi siku moja kabla ya mkutano. Nilipokaribia mabwawa niliona kitu kinametameta, nikadhani ni bati jipya. Lilikuwa bwawa la pili. Mawingu yalikuwa ndani yake yote, na kunguru akipita.

Nkwimba alinipokea anakimbia, kanga imefungwa kiunoni. Ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wa kitongoji cha jirani, mtu wa bidii kushinda wote ninaowajua.

"Mayu Milembe! Umeona? Tumekutolea uchafu wote!"

"Wote?"

"Wote gete, kabisa! Hata ukutani tumesugua na mchanga. Ungewaachaje wageni waje wakute tope la namna ile? Ungetutia aibu kitongoji kizima!"

Nilimshukuru, kwa sababu alistahili. Kwetu mgeni anafagiliwa njia, na wale akina mama walikuwa wametoka nyumbani kwao bila kuitwa, wakaengua, wakasugua, wakabeba. Bosi alikuwa amesema tu, "Pawe pasafi." Elia mwenyewe alikuwa amesema hivyo hivyo kabla hajaenda mjini Bariadi kufuata majibu ya maabara, akimaanisha majani ya ukingoni. Hakuna aliyewahi kuwaambia akina mama kwamba lile tope ndilo linalofanya kazi. Kisha bosi alipoona bwawa ni tupu akaagiza boza la maji kutoka mjini likalijaza.

Elia alifika na pikipiki jioni. Aliangalia, akavua kofia ya pikipiki, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Wamefagia mbegu," akasema.

Bosi akaja akiwa na furaha. "Sasa huzuni ya nini? Watu wanataka maji safi. Maji safi si hayo?"

"Bosi, hayo ni ya boza."

"Ng'ombe wa Luhende anajua kusoma boza?"

Tulicheka, na mimi nilicheka. Sitaki mumwone bosi kama mwizi. Hakupanga. Kitu kilikuja chenyewe mpaka mlangoni, na nyuma yake kulikuwa na familia zetu zote zinazokula pale. Lakini Elia alisema, "Tukiachia maji ya mabanda kesho kutwa, hakuna wa kuyala. Yatafika kisimani yalivyo." Mimi nikakumbuka kile kidumu puani. Tukakubaliana, na bosi hakupinga, kwamba mkutano ukifunguliwa tu Elia ataeleza.

Asubuhi watu walikuja wengi. Mwenyekiti wa kijiji akaanza kutafuta kivuli cha kusimama. Lakini ng'ombe hakuwa na habari ya ratiba. Luhende alikuwa amemnyima maji tangu jana yake, kama walivyokubaliana, na alipoona bwawa linang'aa alimvuta mzee wa watu kwa kamba mpaka kandambili zikabaki nyuma. Akatumbukiza mdomo. Akanywa, akanywa, tukisikia maji yanavyoshuka kooni. Vigelegele vikapigwa. Mwenyekiti bado hajapata hata kivuli, watu wanapongezana, mtu mmoja anamshika Elia mkono anautikisa, na Elia anasema "subirini, subirini," hakuna anayemsikia.

Luhende alikuwa anamtazama ng'ombe wake kama mtu aliyeshindwa kesi na hataki kulalamika. Akageuka. "Na ule urojo wa kijani uko wapi leo?"

Nkwimba akapaza sauti, kwa fahari kabisa:

"Tuliutupa wote, mzee! Tumesugua sisi, na maji mapya yakaja na boza!"

Mikono iliyokuwa ikipongezana ikashuka. Ng'ombe peke yake ndiye aliyeendelea kunywa.

Elia akapata nafasi yake, akaeleza yote, taratibu, na mimi nikaongezea pale alipotumia maneno makubwa. Elia anasema mimi ndiye niliyelitamka neno "boza" mara ya pili. Mimi nakumbuka ni yeye. Haidhuru.

"Kwa hiyo," Luhende akasema, "ng'ombe wangu amesema kweli, na ninyi ndio mmesema uongo."

"Mzee, sisi hatujasema kitu bado," Elia akasema.

"Ndicho ninachosema."

Nkwimba alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Nilimwona macho yanazunguka, anatafuta kosa lake liko wapi. Nikaenda kusimama karibu naye.

Mkutano uliamua bila kelele. Mfereji ulizibwa kwa muda, mpaka kijani kirudi na maji ya kweli yaonekane. Kisiporudi kabla ya mvua, ufukiwe moja kwa moja. Bosi aliwahamishia ng'ombe wengi kwa ndugu yake Bukundi. Sisi tukabaki wachache, wengine wakarudi makwao wakiwa wamekunja magodoro. Haukuwa uamuzi mbaya. Ningekuwa Luhende ningetaka huo huo. Nilipokuwa nawaangalia wenzangu wakiondoka, hilo halikunisaidia.

Kazi ikawa kupata mbegu. Tope waliloengua lilimwagwa kwenye matuta ya mchicha na jua likawa limelikausha. Kijani cha kwenye birika la kunyweshea Elia alikiangalia akakikataa, kilikuwa cha nyuzinyuzi, kinashikana kama nywele. Tulizunguka na chupa kwenye kila dimbwi. Siku moja Nkwimba akaja, hakimbii tena, anaongea chini chini.

"Mayu, kuna ndoo moja nilichukua siku ile. Niliwamwagia bata kwenye beseni lao. Sijui kama ni kosa jingine."

Tulikwenda. Bata walikuwa juu ya beseni wanagombana, na maji yalikuwa ya kijani kibichi, kama jani la pamba changa. Elia alichota, akainua kwenye jua, akaangalia muda mrefu.

"Ndiyo hii."

"Ndiyo?" Nkwimba akauliza. "Kumbe bata wangu ni wataalamu!" Akarudi kuwa Nkwimba siku hiyo hiyo.

Hapa mshike kitu. Msimwage mbegu kidogo kwenye bwawa kubwa, itapotea. Elia aliikuza kutoka beseni hadi ndoo, ndoo hadi pipa, pipa hadi kona ya bwawa iliyozibwa kwa turubai, kila mara akisubiri rangi ikolee kabla ya kuongeza maji ya mabanda kidogo. Mimi nilitaka twende haraka, mvua ilikuwa njiani. Alikataa. Sijui kama mimi ningekuwa na moyo ule.

Kijani kikarudi. Mabanda yenye ng'ombe waliobaki yakaoshwa, maji yakapita mabwawa yote matatu, yakatokea kwenye matete. Hayakuwa yanang'aa kama ya boza. Yalikuwa na rangi kidogo, kama maji ya kuoshea mchele mara ya mwisho. Karatasi ya kwanza ya maabara haikufaa tena baada ya bwawa kusuguliwa, lakini hii mpya ilirudi ikiwa nzuri, na si haki kuisahau, Elia alihangaika nayo. Luhende aliomba isomwe mbele yake kwa Kiswahili chepesi, akasikiliza yote. Kisha akasema anamfuata ng'ombe.

Watu walikuwa wachache mara hii. Nkwimba alikuja na akina mama wake, na hawakubeba fagio. Luhende alimleta yule jike kwa kamba iliyolegea, akamsimamisha pale maji yanapotokea. Ng'ombe akanusa. Akainua kichwa. Akaangalia pembeni, akafukuza nzi, akasimama tu. Wingu lilikuwa limeshaanza kujikusanya. Bosi alikuwa anatafuna kijiti cha kiberiti. Mimi nilianza kufikiria nitasema nini nyumbani.

"Mzee, mrudishe nyuma kidogo," mtu akasema.

"Mwacheni," Luhende akasema.

Ng'ombe akashusha kichwa tena, akapuliza juu ya maji, akanywa. Hakunywa kama ile siku ya boza. Alimeza mara chache, akalamba pua, akaanza kula nyasi za ukingoni. Bosi akatema kijiti.

"Amekunywa kidogo sana," akasema kwa wasiwasi.

"Amekunywa kidogo kwa sababu nimemnywesha nyumbani asubuhi, akashiba," Luhende akajibu. "Ng'ombe wangu namjua. Akiwa na kiu kweli, anaweza kunisahau hata mimi. Ile siku ya boza alinivuta mpaka nikaacha kandambili. Leo nilitaka anywe kwa kupenda."

Akamvuta ng'ombe wakaondoka, na mfereji ukafunguliwa.

Hiyo ndiyo sababu mnapata kazi pale leo. Elia yuko mikoa mingine sasa, wakati mwingine anapiga simu anauliza sahani inashuka kiasi gani. Mimi magoti yamenikatalia ukingo wa bwawa. Huenda nimesahau mambo, au nimeyapanga vibaya, waulizeni na wengine.

Jambo moja tu ambalo sina shaka nalo. Wageni watakuja tena, na kitongoji kile hakijaacha kufagilia wageni, wala sitaki kiache. Kwa hiyo mbegu haikai shambani. Elia alipoondoka alitafuta mtu wa kuitunza, akaja kujitolea ambaye hatukumtarajia. Beseni liko kwa Luhende, nyuma ya zizi, limefunikwa kwa wavu ili bata wasiingie. Analiongezea samadi kidogo kila linapopauka, na anazo lawama kuhusu sisi wote. Mkikuta bwawa linang'aa, chukueni ndoo mwende kwake. Fikeni mapema, huwa anaondoka na ng'ombe kabla jua halijachomoza vizuri. Na mkifika msimsifu, atawaambia bado ni uchafu wa rangi nyingine. Mpeni ndoo tu.